Nyumba za Majivu za Desinateri

Mimi, hakuna kitu cha dunia hii kinachoweza kunishangaza. Nimechimba madini Pangi nikiwa na suruali moja. Nimekwama na lori langu katika matope ya njia ya Lubutu mpaka watu wa kijiji cha karibu wakafikiri nimehamia kwao. Nimeona majina ya watu wote yakibadilishwa kwa amri ya serikali, tai ikawa kosa, na maduka ya wageni yakapewa wananchi ambao kwanza waliuza bidhaa, kisha wakauza rafu, kisha wakafunga mlango. Sikushangaa. Shule niliiacha darasa la tatu, na leo wenye diploma zao ndio wanaonisalimia kwanza. Kwa hiyo sitasema kwamba Desinateri alinishangaza. Alinikasirisha. Hivyo ni vitu viwili.

Tulimwita Desinateri kwa sababu ndiyo kazi aliyofanya kwenye reli, kuchora. Alichora madaraja, maghala, mapaa ya stesheni. Jioni na Jumapili alituchorea nyumba sisi watu wa Kindu. Alikuwa mtu wa Kasai, mrefu, mwembamba, kalamu ya risasi imechomekwa kwenye nywele, na abakosi yake, lile koti letu la serikali lisilo na tai, ilikuwa imechakaa shingoni mpaka ikaonekana kitambaa cha ndani. Mke alikuwa amefariki zamani, watoto hakuwa nao. Miaka yote niliyomjua sikusikia mtu akimwita kwa jina lingine.

Hasira yangu niiseme mapema, nisije nikaisahau katikati ya maneno. Huyu mtu alichora karibu kila nyumba nzuri ya mji huu, na yeye mwenyewe hakuwa na nyumba! Alikaa katika nyumba ya reli, na nyumba ya reli, siku ya pensheni, unarudisha ufunguo na kutoka na godoro lako kichwani. Alikuwa na parseli, kiwanja chake halali pale mtaa wa Mikelenge. Juu ya kiwanja hicho, mwaka hata mwaka, kulikuwa na majivu. Majivu ya jikoni tu. Na pensheni ilikuwa inakuja kama treni yetu: inachelewa, lakini inafika.

Hayo majivu niyaeleze, maana ndiyo yaliyokuwa kazi yake.

Wachoraji wengine wanakupa karatasi. Unaikunja, unaiweka chini ya godoro, fundi anajenga anavyotaka. Desinateri karatasi aliifanya mwisho. Kwanza alikuja kwenye kiwanja chako na kikapu cha majivu, akachora nyumba nzima chini, kwa ukubwa wake wa kweli: ukuta huu, mlango huu, dirisha hili. Halafu akaita jamaa yote waingie ndani ya ile nyumba ya majivu na wakae humo tangu asubuhi mpaka jioni. Wapike, wale, walale kwenye mikeka, wapokee wageni. Na hakuna ruhusa ya kuruka ukuta! Ukitaka kutoka, pita mlangoni. Mtaa mzima ulikuja kutazama. Watu wasiomjua walisema anaweka dawa, wakahamisha mbuzi zao. Mganga mmoja alilalamika kwamba Desinateri anamwibia kazi.

Mimi nilipata pesa yangu ya kwanza nzito, nikamwendea na picha niliyokata kwenye gazeti. Ilikuwa villa ya Kinshasa, ghorofa, ngazi nje, paa bapa kama meza. Nikamwambia: "Papa Desinateri, nataka hii."

Aliigeuza picha juu chini, akaitazama hivyo hivyo.

"Hii nyumba iko muzuri sana. Iko ya nani?"

"Najua ya nani? Iko ya picha."

"Basi mwenye picha akae ndani. Weye kaa hapa tuongee." Akatoa kalamu kwenye nywele. "Weye na bibi yako, mukigombana, kila muntu anaendaka wapi?"

Nilisimama. "Papa, mi nimekuja kutafuta nyumba, hapana tribunali!"

"Jibu."

"Mi natoka inje. Yeye anaenda jikoni."

"Na mvua ikinyesha?"

Nikaketi tena. Mke wangu, Mama Zaina, ambaye nilikuja naye ili aone jinsi mumewe anavyozungumza na wasomi, alicheka mpaka akashika mbavu. "Mwambie, Baba Zaina! Mwambie ile siku ya mvua!"

Swali hilo alimuuliza kila mtu. Hakuuliza unataka vyumba vingapi. Aliuliza mnagombana wapi, mgonjwa mnamweka wapi, mgeni usiyempenda mnamkalisha wapi ili asione sufuria. Alisema kwa Kiswahili chetu, ambamo njo ni ndiyo na fasi ni mahali: "Nyumba ndogo bila fasi ya kununa njo gereza." Alisema: "Ukuta njo jirani asiyehama, mutafute muzuri." Na mtu akimwambia anataka nyumba ya kisasa, alijibu: "Kisasa haiko ukubwa. Kisasa njo usiku ulale bila kutoka jasho." Aliamini katika nyumba ndogo, ya chini, baraza pana mbele, paa linaloruka ukuta kwa hatua nzima ili mvua isilambe matofali, na kila chumba kina matundu pande mbili ili upepo wa mto uingie huku utokee kule. Dari hakutaka. Chini ya manjanja, yale mabati ya paa, aliacha nafasi wazi, joto litoke.

Siku ya majivu yangu nilivaa abakosi mpya. Niliona aibu, sitaficha. Mimi mwenye lori, nakaa chini kwenye vumbi, nakula wali na sombe, majani ya muhogo, ndani ya mistari, watu wamepanga mstari barabarani kama kwenye mpira! Mama Zaina alitoka jikoni na sahani, akakata moja kwa moja kuelekea nyuma ya nyumba.

"Mama!" Desinateri akapiga kelele. "Umevunja ukuta ya bwana yako!"

"Basi aongeze mulango!" Mama Zaina akajibu bila kusimama. "Nipite na sahani chafu mbele ya wageni wake, miye punda?"

Watu wakapiga makofi. Desinateri akapiga goti, akafuta majivu kwa kiganja, akaacha nafasi. Mlango ule upo mpaka leo na ndio unaotumika kuliko yote. Nasema ukweli hata kama unaniuma.

Ila etaji, ile ghorofa ya kwenye picha, sikuiacha. Nilimwambia atachora chini anavyotaka, lakini nguzo za pembeni ziwe nene na vyuma vitokeze juu, tayari kwa ghorofa. Alikataa, nikapandisha sauti, akapandisha yake, mwisho akachora. Nyumba ilipokwisha, alisimama barabarani akatazama vile vyuma vinavyochungulia juu ya paa. "Patro," akasema, yaani tajiri, na akiniita hivyo ujue ananicheka, "nyumba yako iko na pembe. Unaifuga ama utaichinja?" Tangu siku hiyo mtaa wetu ukaitwa kwa Mwenye Pembe. Mimi!

Sasa msifikiri alikuwa mtakatifu. Alikuwa na kiburi kama jogoo. Nyumba aliyoichora yeye, ukipaka rangi asiyoipenda, alipita upande wa pili wa barabara mwezi mzima. Alihubiri upepo, na yeye mwenyewe alilala madirisha yamefungwa kwa sababu aliogopa mijusi. Mtu mzima! Alidharau mafundi wanaopima kwa macho, lakini yeye kiwanjani alipima kwa kandambili zake za mpira wa gari, kisigino kwa kidole. Zilipokatika akanunua kubwa zaidi, na barabara nzima iliyochorwa baada ya hapo ina vyumba vikubwa kidogo kuliko iliyotangulia. Nilimwonyesha hilo. Akasema ni wenyewe walioomba.

Na malipo? Kuku. Walimlipa kuku, kikapu cha mchele, chupa ya mafuta ya mawese, au "Mungu akubariki, Papa." Watu wenye mishahara! Walikaa katika baraza zake, wakajivunia upepo wake, na walipomuona anapita hawakumwita hata kunywa maji. Wakubwa wa jimbo walipotaka nyumba za maofisa, plani ilitoka Kinshasa kwa ndege. Jikoni ndani, inatazama barabara, bila mlango wa nyuma. Choo kinapakana na chumba cha wageni, kila kitu kinasikika. Desinateri alikwenda kuwaambia. Walimuuliza: "Sitwayeni," yaani mwananchi, "weye njo nani?" Akarudi nyumbani. Leo wake za maofisa wamejenga vibanda vya potopoto, udongo mtupu, nyuma, wanapikia humo, na yale majiko ya ndani wanafugia bata. Ningekuwa mimi ningecheka hadharani. Yeye hakucheka. Alisema inauma kuona matofali mazuri yamesema uongo.

Na kiwanja chake? Kila msimu wa kiangazi alijichorea nyumba mpya ya majivu pale Mikelenge, akaingia, akakaa ndani peke yake juu ya kigoda, akapika chai. Jioni alitikisa kichwa. Mvua ikafuta. Nilimwambia mara ngapi: "Papa, jenga! Simenti nitakukopesha, lori njo hii." Akajibu: "Bado haijasema." Nyumba haijasema! Nilimwambia pensheni itasema.

Alipokaribia pensheni hiyo, ikaja habari ya msiba kutoka Kasai. Shemeji yake, mume wa dada yake mkubwa, amefariki. Desinateri akapanda treni. Aliacha mistari ya majivu mibichi kiwanjani, maana kilikuwa kiangazi, na kwangu aliacha neno moja: "Uniangalilie parseli."

Treni za wakati ule, unajua kwenda, hujui kurudi. Mwezi ukapita. Siku moja napita Mikelenge na lori, naona ofisa wa viwanja wa komini, manispaa yetu, amesimama katikati ya parseli ya Desinateri na wanaume wawili wenye kamba. Wanapima. Wanaigawa! Nikashuka hata injini sijazima.

"Sitwayeni," ofisa akasema, tumbo mbele, "hii parseli iko bule. Muntu akikosa kujenga, kiwanja inarudi kwa serikali."

"Iko na mwenyewe. Iko Kasai kwa kilio."

"Na nyumba yake iko wapi?"

"Unasimama ndani. Baraza njo ile, mulango njo pale. Na weye uko na viatu ndani ya chumba ya kulala ya muntu."

Akaangalia chini. Wanaume wa kamba wakacheka, mmoja akarudi nyuma kidogo kwa heshima.

"Mi naona majivu," ofisa akasema. "Majivu hatuandikake nyumba. Tunafagiaka siku ya salongo." Salongo ndiyo kazi yetu ya lazima ya usafi wa mji.

"Serikali hii inayorudishiwa kiwanja, iko serikali kweli ama iko shemeji yako?"

Alinitazama mfukoni. Najua macho hayo, nimeyalipa mara nyingi barabarani. Lakini watu walikuwa wamekusanyika, na mimi sauti yangu inafika ng'ambo ya mto.

"Naenda Lubutu kwa misio, kazi ya serikali," akasema. "Nikirudi nikute ukuta na paa, nimeona nyumba. Nikikuta majivu, nagawa."

Enyi wasomaji, mimi hasira yangu haijui kulala. Mtu aliyewapa watu wa Kindu upepo anakwenda kuzika shemeji, na wao wanamgawa kama nyama ya porini! Na majirani wanatazama, wengine wamekaa kwenye baraza alizozichora yeye, mikono kifuani. Niliwauliza: nani analeta jembe? Waliniambia siku hiyo wana miguu mizito.

Nikarudi nyumbani. Nyuma ya nyumba yangu palikuwa na tanuri mbili za matofali ya kuchoma. Yalikuwa ya ghorofa yangu. Miaka mingi niliyachoma kidogo kidogo. Simenti ilikuwa kwenye ghala, na manjanja mapya yamefunikwa kwa turubai. Nikaita mafundi, nikaita madereva, nikasema pakieni. Mama Zaina alisimama kwenye mlango wake wa nyuma akatazama lori la kwanza linaondoka, la pili linaondoka.

"Baba Zaina, etaji yako inatembea."

"Nyamaza."

"Nanyamaza. Ila mwambie dereva apite polepole, asiivunje ngazi."

Tulijenga juu ya majivu yale yale. Niliwaambia mafundi: mstari wa Desinateri ni sheria, hata unywele mtu asiuvuke. Nililala pale kiwanjani kulinda simenti. Ukuta wa nje, ukuta mmoja wa ndani, baraza, paa linaloruka, matundu ya upepo chini ya manjanja, vyote nilivifanya kama alivyopenda, maana nyumba zake nimezila kwa macho miaka yote. Niseme tu: mhandisi mwenye diploma asingeisimamisha upesi hivyo.

Ofisa aliporudi kutoka Lubutu, alipiga ukuta kwa kifundo cha kidole, mara mbili, kama anapiga hodi. "Kumbe mulikuwa na nyumba," akasema, akaenda zake. Hata kugombana hakugombana! Nilikuwa nimetayarisha maneno ya wiki nzima, nikabaki nayo tumboni.

Treni ya Desinateri ilipopiga honi, nilikwenda stesheni na lori limeoshwa. Alishuka amekonda, abakosi ile ile. Nyuma yake alishuka mama mzee mwenye kitambaa cha kilio kichwani, mkeka kwapani, na chungu cheusi amekikumbatia kama mtoto. Dada yake.

"Yaya, njo huyu," Desinateri akamwambia, maana kwetu Yaya ni ndugu yako mkubwa.

"Huyu mwenye makelele?" mama akauliza. Akanipa mkono. "Pole na makelele, mwanangu."

Sikuwaambia kitu. Niliwapakia mbele, nikawapeleka moja kwa moja Mikelenge, nikazima injini mbele ya nyumba. Nikangoja.

Desinateri alishuka. Alisimama. Kisha akaanza kutembea kisigino kwa kidole kando ya ukuta, midomo inahesabu. Akaingia. Akatoka nyuma. Akaingia tena. Mimi nimeegemea lori, nimetayarisha namna ya kusema "si kitu, Papa, si kitu."

Akanijia.

"Hii plani, nani alikupa?"

"Weye! Ilikuwa chini. Majivu yako!"

"Ile plani niliikataa." Alisema polepole, kama mtu anayemweleza mgonjwa. "Niliikataa siku ya kuondoka. Niliiacha ili nikirudi niione vizuri kosa iko wapi, kabla ya kufuta." Akageuka, akatazama paa. "Patro, umejenga kosa yangu. Na matofali ya kuchoma, ili isife."

Hapo nilipasuka. Nilimwambia vyote: ofisa, kamba, salongo, tanuri zangu, etaji yangu iliyotembea. Nilimwambia mtu mwenye akili akikataa kitu anakifuta, hakiachi chini kikisubiri wajinga wema. Nilimwambia siku ya pensheni angelala stesheni. Majirani wote walitoka. Aliniacha nimalize. Halafu akasema:

"Iko chumba moja kubwa, na ukuta ya ndani imesongwa mpaka mwisho. Iko nyumba ya muntu asiyengojea muntu. Njo kosa."

"Na weye unangojea nani?"

Alimtazama dada yake.

Mama alikuwa ameshashuka kwenye lori peke yake. Alikuwa mlangoni na chungu chake. "Mutagombana kesho," akasema. "Miye nimekaa kwa treni mpaka mifupa imesahau jina yake. Munionyeshe fasi ya kuweka chungu."

Desinateri akamtangulia ndani. Nikafuata, maana ni nyumba yangu pia, matofali ni yangu. Akaokota kipande cha tofali, akapiga goti juu ya sakafu yangu mpya ya simenti, niliyoilainisha kwa mkono wangu mwenyewe, akachora mstari mwekundu kutoka ukuta mpaka ukuta.

"Hapa, Yaya. Weye huku, na dirisha ya upepo. Miye kule."

Mama akatandika mkeka upande wake wa mstari, akaweka chungu kwenye kona, akajilaza na kitambaa chake kichwani. Akalala pale pale. Desinateri alibaki amepiga goti, kipande cha tofali mkononi, na uso wake sikuujua. Miaka yote nilimwona anatikisa kichwa kwenye kile kiwanja. Siku hiyo hakutikisa.

Mimi niliapa mbele ya majirani kwamba ule ukuta wa ndani hautasogea mpaka kwenye mstari wake kwa pesa yangu, hata kwa senti. Asubuhi niliwapeleka mafundi mwenyewe, maana dereva angewaeleza vibaya. Desinateri alikaa juu ya kigoda, akawakosoa tangu tofali la kwanza mpaka la mwisho. Asante hakusema, wala siku hiyo wala baadaye. Ukuta ulipokauka alipitisha kiganja, akaniambia: "Sasa njo nyumba." Basi.

Watu wananiuliza nyumba ile ilinigharimu kiasi gani. Nyumba sikuhesabu, ilikuwa ghorofa yangu, na mke wangu anasema magoti yake hayakuitaka kamwe. Ukuta niliuhesabu. Kuvunja ukuta mzima wa matofali ya kuchoma na kuusimamisha upya mahali alipotaka, pamoja na simenti, mchanga na chakula cha mafundi, kwa pesa yetu ya wakati ule: zaire mia moja arobaini na saba, na makuta sitini.